Nyundo na Trei ya Mafuta

Nyundo hakuzaliwa na jina hilo. Alilipata angali msichana wa shule, siku ambayo baba yake, muuza nyama, alimburuta mama yake kwa nywele kutoka jikoni hadi dukani, mbele ya wateja waliopanga foleni. Msichana alichukua ile nyundo ya mbao ya kulainishia nyama, akapanda juu ya kreti, akamshushia baba yake pigo moja kwenye kiwiko. Mfupa ulialika na foleni nzima ikasikia. Baba aliuguza mkono huo mvua zikaja zikaondoka, na alipopona akaendelea kumpiga mama kama kawaida, ila binti yake hakumgusa tena. Watu wa mtaani wakaanza kumwita Nyundo, naye akaitika.

Ilikuwa nyumba ya vipigo, hakuna haja ya kuficha. Baba alimpiga mama, mama akawapiga watoto, kaka akampiga dada, na dada, kwa kuwa hakuwa na wa kumpiga, alijifunza kung'ata. Hata paka wao alishinda juu ya kabati, akishuka kwa tahadhari kama mtu anayevuka barabara kuu. Baba alipokufa kwa presha, aliwaachia watoto wake wawili bucha mbele, jiko nyuma na vyumba vya kulala kwenye ghorofa mbili za juu. Kaka akachukua visu na dada akachukua oveni.

Kaka mtu aliitwa Mnofu. Alikuwa mkubwa wa mwili, shingo nene kama paja, na jina lilimkaa vizuri, ingawa wateja walipenda kusema kwamba huyo Mnofu ni mnofu peke yake kwenye bucha nzima, mengine yote ni shahamu. Hawakumwambia usoni. Mkono wake ulikuwa mwepesi.

Kilicholisha nyumba ile ni mkate wa nyama. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na gereji, na mafundi wake walivuka kila asubuhi na kila mchana kununua kipande kilichobanwa katikati ya slesi mbili za mkate, pamoja na chai ya moto. Nyundo alichukua nyama ya kusaga, akaichanganya na kitunguu, mayai, makombo ya mkate mkavu na pilipili manga, akaikanda kwa mikono hadi ikashikana, akaiingiza ndani ya oveni. Hapo ndipo balaa lilipoanzia. Mnofu, kila alipofikia mashine ya kusagia, alitupa humo kila ukingo wa mafuta uliotoka kwenye paja na kwenye figo. Mkate ulipoiva ulitoka ukiogelea. Ulizungukwa na mafuta hadi shingoni, ukachemka humo badala ya kuokwa, na ukiukata ulimeguka vipande vipande kama udongo uliolowa.

"Mafuta ndiyo utamu," Mnofu alisema.

"Utamu gani huo unaoganda kwenye kidevu cha mtu?" Nyundo alimjibu.

Basi akaanza kupambana na mafuta kivyake. Aliacha kuisindilia nyama ndani ya bati lenye kuta. Aliifinyanga kwa mikono kama gogo fupi, akailaza juu ya wavu wa chuma, na chini yake akaweka trei ya kupokea matone. Ndani ya trei alipanga slesi za mkate wa jana, zinywe mafuta kabla hayajaanza kutoa moshi. Siku ambazo Mnofu alizidisha, hata hilo halikutosha. Ilibidi afungue oveni mkate ukiwa nusu umeiva, ashike trei kwa kitambaa kinene, aiinamishe kona moja taratibu na kuyamimina mafuta kwenye kopo la bati, kisha arudishe. Na mkate ukitoka aliuacha utulie kwanza. Ole wake mtu atakayeugusa kwa kisu kabla haujatulia.

Sinki hakuligusa kabisa. Mara moja tu, miaka ya mwanzo, aliyamwaga mafuta humo, yakaganda ndani ya bomba kama mshumaa, na maji machafu yakafurika hadi dukani. Mnofu alimshika kisogo akamzamisha uso kwenye sinki lile lile. Nyundo alipotoka humo na kuvuta pumzi, alimdaka kaka yake dole gumba kwa meno, na hakuliachia mpaka aliposikia ladha ya chuma. Wakakaa wiki nzima wakifanya kazi chumba kwa chumba bila kusemezana. Mama yao, ambaye kwa wakati huo alikuwa mtu wa kukaa tu kwenye kiti chake juu ya ngazi, aliwaambia, "Mkimaliza kuuana, mmoja wenu anipandishie chai."

Kisha Mnofu akaoa. Mkewe alikuwa mwanamke mwembamba, mpole, mwenye kicheko cha ghafla ambacho alikizuia kwa kiganja kila kilipomtoka, kama mtu aliyepiga chafya kanisani. Alisimama kaunta, akafunga nyama, akapokea wateja. Yeye na Nyundo waliitana wifi, wakapendana kwa namna ya watu wanaofanya kazi sana na kuongea kidogo. Haikuchukua muda Nyundo akaanza kusikia, juu ya dari ya chumba chake, sauti alizozijua tangu utotoni: kiti kikivutwa, kitu kizito kikianguka, halafu ukimya ule wa mtu anayejizuia kulia. Nyundo alichukua mpini wa ufagio akagonga dari kwa nguvu. Sauti zikakoma. Akaamini amesaidia. Asubuhi wifi yake alishuka na leso kichwani iliyovutwa mpaka juu ya jicho, Nyundo akamwekea kikombe cha chai.

Siku yenyewe ilianza vibaya. Mnofu alikuwa amesaga nyama yenye mafuta kupita siku zote, mpaka ilikuwa nyeupe kuliko nyekundu. Nyundo aliiona akaguna, akaipanga kwenye wavu akijua kwamba atalazimika kumimina mara mbili. Lakini foleni ilikuwa ndefu, mafundi walikuwa wanapiga kaunta kwa funguo zao, na Mnofu akaingia jikoni, akafungua oveni mwenyewe na kuinyakua mikate miwili ya kwanza.

"Haijatulia hiyo, kaka! Haijamiminwa!"

"Itatulia tumboni mwao," alisema Mnofu, akaondoka nayo.

Nyundo alikuwa ameinama kwenye oveni, akiitazama mikate ya pili, aliposikia duka limenyamaza. Kulikuwa na fundi mmoja waliyemwita Spana, mtu mrefu, mchekeshaji wa gereji nzima. Alikuwa ameng'ata kipande chake, mafuta yakamtiririka hadi kwenye kiwiko. Akakiweka kipande juu ya kaunta na kujifuta mkono polepole.

"Mnofu," alisema, "hii ni nyama au grisi? Maana grisi ninayo gereji, debe zima, na siinunui kwako."

Mafundi wakaangua kicheko. Na katikati ya kile kicheko cha wanaume, Nyundo akasikia kingine chembamba, kifupi, kilichokatwa katikati. Wifi yake alikuwa amecheka. Nyundo akajikuta anafumba macho.

Mnofu hakuzunguka kaunta, aliipanda. Alimwangukia Spana kwa uzito wake wote, wakavunja benchi, wakabingirika hadi mlangoni. Spana alikuwa na ngumi za haraka, akampasua Mnofu mdomo, lakini Mnofu alimshika kichwa kwa mikono miwili akakigongesha kwenye fremu ya mlango, akamdaka sikio kwa meno. Ilikuwa patashika. Mafundi wanne ndio waliomtoa Spana pale, sikio limechanika, damu imelowesha ovaroli mpaka kifuani, wakamvusha barabara wakimbeba kama injini.

Duka likabaki tupu. Nyundo alisikia kitasa cha mlango wa mbele kikizungushwa kwa ndani. Kisha wifi yake akaingia jikoni kinyumenyume, mikono ameinua mbele ya uso, na Mnofu akamfuata.

"Ulicheka," Mnofu alisema. Hakupaza sauti. Damu ilikuwa inamtoka kwenye meno, na si yote ilikuwa yake.

"Sikucheka. Naapa, sikucheka."

"Mke wangu ananicheka mbele ya watu."

Alimshika shingo kwa mkono wa kulia, akamgeuza, akamsukuma kuelekea oveni iliyokuwa wazi. Nyundo alikuwa amesimama pembeni yake, vitambaa mikononi, ameshika trei ya mikate ya pili aliyokuwa ndiyo kwanza ameitoa. Ilikuwa imejaa. Mafuta yalikuwa yanatoa vipovu vidogo kwenye kingo. Mikate yenyewe aliiacha kwenye wavu wake ndani ya oveni, trei ilikuwa mafuta matupu.

"Mwachie," Nyundo alisema.

Mnofu hakugeuka. Nywele za wifi yake zilikuwa zimeshaanza kunuka kuungua.

"Kaka, mwachie. Nitakumwagia."

"Mwaga."

Basi akamwaga. Baadaye wengi walitaka kujua kama trei ilimponyoka, kama aliteleza, kama alishituka. Hakuteleza. Aliiinamisha kona moja taratibu, kama alivyofanya kila siku, na mafuta yakashuka juu ya mkono ule wa kulia, kuanzia kwenye kifundo hadi kwenye vidole vilivyoshika shingo. Yalitoa sauti ile ile ya kitunguu kinapotiwa kikaangoni.

Mnofu alinguruma. Mkono wake wa pili ulizunguka ukampata Nyundo kwenye taya, akaona nyota, na trei ikaruka. Mafuta yaliyobaki yakaenda kila upande. Mengine yalimrukia Nyundo mguuni, mengine yakatapakaa sakafuni, na mengine yakaingia kwenye moto wa gesi ndani ya oveni. Mwali ukatoka mlangoni mwa oveni ukalamba dari. Mnofu akateleza, akaanguka chali, akagonga kisogo kwenye vigae, na akabaki hapo akiushika mkono wake kama kitu kisichokuwa chake.

Wifi alikuwa ameshanyakua ndoo ya maji.

"Siyo maji!" Nyundo alipiga kelele, akaipiga ndoo teke mikononi mwake, ikabingirika hadi ukutani. Aliufunga mlango wa oveni kwa mguu, akafunga gesi, akauegemea ule mlango na kitambaa usoni, na ndani mwali ukanguruma, ukapungua, ukafa.

Alipogeuka, kitu kilimpiga juu ya sikio. Kilikuwa kibao cha kukatia mkate. Wifi yake alikuwa amekishika kwa mikono miwili, shingoni ana alama za vidole, nusu ya nywele zake zimejikunja kwa moto.

"Umemuua!" alilia. "Umemuua mume wangu!" Akampiga tena, begani, na mara ya tatu kibao kikamponyoka.

Nyundo hakumrudishia. Alimsogeza pembeni, akamshika kaka yake kwapani, akamburuta kwenye mafuta hadi kwenye sinki, akafungua bomba la maji baridi juu ya ule mkono. Ngozi ilikuwa imeanza kuvulika kama glovu. Mama yao alikuwa ameshuka ngazi, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi, na ameshika bakuli la unga wa ngano.

"Mpake unga, unavuta moto."

"Unga ni wa kuokea, Mama. Niletee shuka safi."

Hospitali walimlaza Mnofu muda mrefu. Vidole vitatu vilijikunja vikakataa kunyooka. Askari polisi aliletwa na wauguzi, akasimama kando ya kitanda, na Nyundo akiwa amekaa pale pale na mguu wake umefungwa bandeji alisubiri kusikia jina lake likitajwa. Mnofu alitazama dari.

"Ajali ya jikoni," alisema. "Mafuta yalimwagika."

"Yenyewe?"

"Mafuta yana akili? Yalimwagika."

Askari aliandika, akaenda zake. Nyundo alimjua ndugu yake, hakudanganyika kwamba huo ulikuwa msamaha. Mwanamume wa shingo ile hawezi kusema mbele ya wodi nzima kwamba dada yake ndiye aliyemuunguza.

Wifi alirudi nyumbani siku chache baadaye kuchukua nguo zake. Nyundo alimkuta ngazini na begi.

"Baki, wifi," alimwambia. "Kaunta ni yako. Akirudi hatakugusa tena. Mimi nipo."

Wifi aliweka begi chini. Alikuwa amekata nywele zote, na kichwa chake kilionekana kidogo kama cha mtoto.

"Ndiyo," alisema, "wewe upo. Ulikuwepo pia chini ya dari yako wakati wote ule, unagonga na ufagio. Unajua ukigonga alifanya nini? Alinipiga kimyakimya." Akalichukua begi. "Mimi sikukuomba umuunguze. Nilikuwa nataka mtu aje mlangoni tu, aseme toka, twende. Nyinyi wawili hamjui kitu kingine. Nimeona sura yako ukimimina. Ilikuwa sura yake."

Nyundo alibaki ngazini hadi mama yake alipouliza kutoka juu kama chai imekatazwa nyumba hii. Maneno yale yalimkata maini kuliko kibao, kuliko taya. Alitaka kuyakasirikia akashindwa pa kuanzia.

Lakini wateja walihitaji kula. Alivaa aproni ya Mnofu, akanoa visu, akasimama bucha. Kwa mara ya kwanza alikata nyama mwenyewe kabla haijafika kwenye mashine, akaziondoa zile kingo nyeupe, akaacha chache tu za kuzuia ukavu. Mkate wa kwanza aliooka hivyo ulitoka umesimama, umekauka vizuri kwenye kingo, na kwenye trei chini kulikuwa na mafuta ya kutosha kijiko kimoja tu. Mafundi walirudi mmoja mmoja. Spana alikuja wa mwisho, sikio limeshonwa, akanunua kipande, akala bila utani wowote, akanunua cha pili.

Mnofu alipotolewa hospitali alikaa dukani kwenye kigoda, mkono umefungwa kwenye kitambaa shingoni. Hakutaka kuongea. Siku zilipita hivyo, na Nyundo, ambaye kila asubuhi alitarajia kofi, akaanza kuzoea. Mpaka mchana mmoja, wateja wawili watatu wa mwisho walipokuwa wameondoka.

"Yuko wapi?" Mnofu aliuliza.

"Nani?"

"Usinifanye mtoto. Mke wangu. Umemwona. Mama ameniambia umemwona."

Ni kweli Nyundo alikuwa amemwona, akipiga pasi kwenye duka moja la dobi, mbali kidogo, ng'ambo ya daraja. Alikuwa amepita bila kusimama, na aliyemwambia ni mama yake tu.

"Sijui aliko," alisema.

Mnofu alisimama. Kile kigoda kilianguka. "Basi nitamtafuta mlango kwa mlango," alisema, na mkono wake wa kushoto ukachukua kisu cha kutolea mifupa juu ya meza.

Nyundo alikuwa na kisu chake mkononi, kikubwa kuliko hicho. Kila kitu mwilini mwake kilimwambia afanye anachokijua. Mguu ulishajipanga, bega lilishashuka. Akakitupa kisu chake nyuma ya friji, mahali ambapo hata yeye asingekipata upesi, akakimbilia mlangoni, akashika fremu kwa mikono miwili na kujaza uwazi wote kwa mwili wake.

"Hutoki," alisema. Na kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia maishani, akapiga kelele kuelekea barabarani, "Jamani, nisaidieni! Gereji! Njooni! Ana kisu!"

Hakuna mtu wa familia ile aliyewahi kuita msaada. Mnofu alishangaa hata akasita, halafu akampiga kwa kitako cha kisu kwenye mbavu. Akampiga tena. Akamkanyaga mguu wenye kovu. Nyundo alisikia kitu kikivunjika ubavuni, lakini vidole vyake havikuiachia fremu. Mnofu akampiga usoni kwa ngumi iliyoshika mpini, jicho likajaa damu, na bado Nyundo akawa anaita, kila pigo anaita, hadi barabara yote ikageuka.

Walikuja wakikimbia, Spana mbele, spana ya kweli mkononi. Walimbana Mnofu chini, wakamnyang'anya kisu, na Spana akainua mkono wake.

"Usimpige," Nyundo alisema akiwa amekaa kizingitini, mdomo umejaa damu. "Mfungeni tu. Mfungeni, muite polisi."

"Baada ya hili sikio?"

"Nimesema mfungeni!"

Spana alimtazama, akashusha mkono, akatoa mfukoni mkanda wa mpira wa feni ya gari na kumfunga nao.

Safari hii askari alipata maelezo yote. Alipouliza kuhusu mkono wa mtuhumiwa, Nyundo alimjibu kwamba ni yeye aliyeuunguza, na sababu aliieleza. Mahakama ilimpeleka Mnofu gerezani. Nyundo naye hakuachwa hivi hivi. Alipewa adhabu ya kufagia uwanja wa hospitali kila Jumamosi kwa mwaka mzima, na wauguzi walewale waliomfunga mguu walimpungia mkono wakipita. Mama yake alikasirika, akasema mtoto gani huyu anayempeleka ndugu yake polisi, akakataa chai siku mbili. Siku ya tatu akaiomba.

Mbavu zilipopona, Nyundo alifunga duka mapema alasiri moja, akavuka daraja. Hakubeba kitu. Duka la dobi lilikuwa dogo, limejaa mvuke, mashati yamening'inia kila mahali. Wifi yake alikuwa kwenye meza ya mwisho, nywele zimeanza kuota, anapiga pasi shuka. Alimwona, na pasi ikasimama hewani.

"Umekuja peke yako?"

"Peke yangu."

Wifi aliutazama mlango nyuma ya Nyundo, kisha akalitazama jicho lake, ambalo kope yake haikuwa imerudi sawasawa. Akaonyesha kwa kidevu benchi lililokuwa karibu na dirisha.

"Kaa pale," alisema. "Mbali na pasi."

Nyundo akaenda akakaa.